Njia ya Kiatu Kimoja

Jumapili, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na sisi tumeanza nayo. Safu ya mume wangu gazetini, "Matembezi Mepesi ya Familia", imepewa msimu mzima, Ijumaa kwa Ijumaa, na Mhariri amemwambia kwamba ikipendwa itafanywa kitabu. Tangu apunguzwe kazini mwaka juzi sijamwona akinyoa ndevu kwa bidii namna hii. Nimefurahi kwa ajili yake. Naliandika hilo mapema kabisa, nisije nikaambiwa sikufurahi.

Daftari hili nimelianza kwa sababu safu inatutaja sote na hakuna aliyetuuliza. "Mke wangu, ambaye kicheko hakimkauki." Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye chumba cha mbele mpaka mgongo unalia, na kicheko kilinikauka zamani. Basi na mimi niwe na safu yangu.

Kila njia anaipa viatu. Kiatu kimoja ni njia nyepesi, viatu viwili ni ya wastani, vitatu ni kusema waacheni watoto nyumbani. Na kipimo chenyewe ni binti yetu mdogo wa miaka saba, kitinda mimba, ambaye sote tunamwita Kitinda. Akifika mwisho kwa miguu yake mwenyewe, bila kubebwa, njia ni ya kiatu kimoja. Wasomaji wanalipenda jambo hili kuliko safu yenyewe. Hata wasiotujua wanamwita barabarani, "Kiatu kimoja!" naye anainua kidole.

Leo tumeanza na lile jumba la kale, la tajiri wa zamani aliyemiliki ardhi yote ya huku. Lango la chuma, miti iliyopandwa safu mbili, bustani iliyokatwa vizuri, vyumba vyenye vitanda vilivyozungushiwa kamba ili mtu asikae. Kitinda alibaki nyuma kwenye ngazi za mbele. Akasema goti linamuuma.

"Goti la miaka saba linauma nini?" baba yake akamwambia. "Subiri ufike umri wangu."

Tukacheka sote. Alifika mwisho. Kiatu kimoja.

Ijumaa, 8 Machi

Safu imetoka. Nimecheka mara tatu humo ndani. Nyumbani bomba la jikoni limeziba.

Jumapili, 10 Machi

Leo mfereji. Ni njia ambayo hata mlevi angeitembea akiwa amefumba macho: maji upande mmoja, ukuta wa viwanda vya zamani upande wa pili, na katikati udongo ulioshindiliwa na wanyama waliokuwa wakivuta mashua za mizigo. Hakuna kilima. Hakuna hata kijilima.

Wifi yangu alikuja nasi, amevaa viatu vyeupe, akilalamikia kila dimbwi. Binti yetu mkubwa, Dada mtu, ana miaka kumi na minne na siku hizi hasemi na mtu. Anatembea nyuma kabisa na Kitinda. Nilidhani ananuna.

Kwenye daraja la pili Kitinda alikaa chini, kwenye tope, na suruali mpya niliyomshonea.

"Mama, nibebe."

Nikainama. Baba yake akaniwahi, kwa sauti ya chini, ile ya mbele za watu.

"Ukimbeba umeharibu kipimo."

"Amechoka, baba watoto."

"Hajachoka, ana deko. Mwaka jana alipita hapa anaruka kamba. Wasomaji nitawaambia nini? Kwamba alifika mwisho juu ya mgongo wa mama yake?"

"Vitinda wote wako hivyo," wifi akatia neno lake. "Ukiwaendekeza umekwisha."

Tukangoja. Mvua ikaanza kunyunya. Kitinda alitazama kila mmoja wetu kwa zamu, kisha akainuka akishika ukuta, akatembea. Alitembea akitupa mguu wa kushoto kwa nje, kama mtu anayekwepa kitu. Nikadhani anaigiza.

Jioni mume wangu aliniita kutoka mezani kwake. Huniita hivyo kila anapokwama. "Nipe neno. Maji ambayo hayaendi popote, lakini kwa uzuri."

"Yaliyotulia."

"Yaliyotulia," akaandika. Maneno yake mengi mazuri ni ya kwangu. Sijawahi kudai.

Jumanne, 12 Machi

Suruali ya Kitinda inaburuta mguu wa kushoto. Nimekata vibaya. Nimefumua pindo, nikalipandisha. Miaka yote hii ya kushona na bado nakata vibaya.

Ijumaa, 15 Machi

Mfereji umepewa viatu viwili! "Mvua imeilainisha njia, na kipimo chetu mpendwa kililazimika kupumzika." Ile njia haijalainika. Niliikanyaga mwenyewe.

Jumapili, 17 Machi

Ziwa. Mpigapicha wa gazeti alikuja. Alitaka Kitinda akae mabegani kwa baba yake, maji yakiwa nyuma yao. Akapandishwa. Uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sijaiona wiki nzima, akashika kichwa cha baba yake kwa mikono miwili, akasema, "Twende hivi hivi mpaka mwisho."

Picha ilipokwisha, akashushwa.

Alilia njia nzima, kilio kile cha chini kisicho na hila. Baba yake alitangulia mbele, kalamu mkononi, akiandika majina ya ndege.

Jumanne, 19 Machi

Suruali ya pili nayo inaburuta kushoto. Nimepandisha pindo. Dada mtu alisimama mlangoni akinitazama nikifumua. Nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna.

Jumapili, 24 Machi

Mvua kubwa, hatukutoka. Kitinda amecheza siku nzima akiwa amekaa.

Jumanne, 26 Machi

Nimemwambia leo. Nilingoja mpaka amalize chai, maana mume wangu husikia vizuri akishiba.

"Nataka kumpeleka Kitinda hospitali. Goti."

"Lile la jumba la kale? Bado mko huko?"

"Anachechemea."

"Anachechemea Jumapili. Jumatatu umemwona akichechemea? Anajua Jumapili kuna wa kumtazama." Akaweka kikombe chini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniudhi kwake, kwamba anakukatalia kwa upole. "Zimebaki safu chache kitabu kipate kurasa za kutosha. Ukishampeleka, watamwambia apumzike. Daktari gani hajawahi kumwambia mtu apumzike? Halafu nimwambie Mhariri kipimo kiko kitandani? Msimu uishe. Mvua ikikatika, tutampeleka sote pamoja."

Ningeweza kusema zaidi. Lakini nilikumbuka mwaka mzima alivyokaa kwenye kile kiti cha dirishani bila kuvaa viatu, mtu asiye na pa kwenda, na jinsi nilivyokuwa nikishona karibu naye nikiogopa kunyanyuka. Sitaki mtu yule arudi. Nikakusanya vikombe.

Na jana, Jumatatu asubuhi, Kitinda alichechemea kwenda shule. Nilimwona. Baba yake alikuwa amelala.

Jumapili, 31 Machi

Ziwa tena, upande wa pili, pale bustani ya lile jumba inapoishia majini. Kitinda alikaa chini mara nyingi. Wifi hakuja, ana mafua. Afadhali.

Ijumaa, 5 Aprili

Viatu vitatu.

Ziwa! Njia ambayo akina mama wanasukuma vigari vya watoto wachanga! "Msimu huu hata ziwa letu limegeuka la watu wazima. Waacheni watoto nyumbani." Nimeisoma nimesimama jikoni, maziwa yakamwagika. Anaiona njia inazidi kuwa ngumu wiki hadi wiki, anaiandika kwa maneno mazuri, na hajageuka hata siku moja kuangalia aliye nyuma yake. Nilikasirika. Kisha nikaenda kushona, maana sare za watu zilikuwa zinangoja.

Jumanne, 9 Aprili

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Asubuhi alikuja mteja wangu, mwalimu mstaafu, mwanamke wa mkongojo na maneno. Alileta gauni la kupunguza kiuno. Nikiwa na pini mdomoni, akaanza.

"Mumeo anatutisha siku hizi."

"Mmh."

"Ziwa, viatu vitatu! Mimi nimelizunguka juzi na mkongojo wangu huu, na wajukuu wawili, na mfuko wa machungwa. Njia tambarare kama meza hii yako. Nikajisema, huyu bwana amepita wapi? Mpaka nikakumbuka anayepima ni mtoto." Akajigeuza nimfikie upande wa pili. "Sasa, mama, mimi sijui kuandika gazetini. Lakini mizani ikinionyesha kilo ya sukari imezidi uzito, siulizi sukari ina nini, naikagua mizani. Huyo mtoto wenu mmemwangalia?"

Nilimchoma pini. Akajipangusa tu, mwanamke wa watu. Akalipa, akaenda.

Nikafunga mlango. Suruali mbili za Kitinda zilikuwa kwenye kikapu. Nikazilaza mezani, nikazikunja mguu juu ya mguu kama ninavyofanya kwa suruali ya mtu yeyote. Mguu wa kushoto mfupi, zote mbili, pale nilipopandisha pindo. Nikafumua mapindo yote. Nikalaza tena. Miguu ikalingana sawasawa, mshono juu ya mshono.

Sikuwa nimekata vibaya. Nimeshona miaka kumi na tisa na sijakata vibaya.

Aliporudi kutoka shule nilimwambia alale mezani, tunacheza duka la nguo. Alifurahi. Nikampima kwa futi ya kitambaa, kutoka mfupa wa nyonga hadi kifundo cha mguu. Kulia. Kushoto. Nikarudia. Kushoto kulipungua upana wa kidole. Na paja la kushoto limekonda. Mimi ndiye ninayemwogesha.

"Mama, suruali yangu itakuwa ya rangi gani?" akauliza.

Baba watoto alikuwa kwa Mhariri. Sikumsubiri.

Jumatano, 10 Aprili

Tulilala hospitali kwenye benchi. Asubuhi walimpiga picha. Mume wangu alifika na viatu vyake vya matembezi, vimejaa tope.

Daktari ni kijana, anaongea taratibu, anatazama watu usoni. Alituonyesha picha ya mfupa. Upande wa kulia, kichwa cha mfupa wa paja ni duara, kama kinavyotakiwa kukaa kwenye nyonga. Upande wa kushoto kimebonyea.

"Tatizo liko kwenye nyonga. Watoto wengi wenye ugonjwa huu husema goti linauma. Mfupa unakosa damu, unakuwa laini kwa muda. Unaweza kupona, lakini usikanyagwe. Ukikanyagwa ukiwa laini, unabonyea namna hii."

"Kwa hiyo kutembea..." nilisema.

"Kutembea hakukuleta ugonjwa. Lakini kwa mtoto huyu kutembea kulikuwa sumu." Akafungua kalamu. "Alianza kulalamika lini?"

Mume wangu akajibu haraka. "Wiki moja, mbili hivi."

"Kwenye ngazi," Kitinda akasema kutoka kitandani. "Za yule tajiri."

Daktari akaniangalia mimi. Nikamwambia. Mwezi na zaidi. Hakutugombeza, akaandika tu. Ningependa angetugombeza. Alisema atalazwa, mguu uvutwe kwa uzito, baadaye magongo na chuma cha kuushikilia, labda kupasuliwa. Alisema miaka, hakusema wiki. Alisema huenda atachechemea ukubwani na huenda asichechemee, na kwamba angemwona mapema angekuwa na la kutuahidi.

Kwenye ujia mume wangu alinishika mkono. "Nani angejua?" akasema.

Nikautoa mkono wangu.

Alhamisi, 11 Aprili

Nilirudi nyumbani kuchukua nguo. Dada mtu alikuwa amekaa sakafuni chumbani kwao, karibu na kitanda cha mdogo wake. Akasema bila kunitazama:

"Nilikuwa nambeba."

"Lini?"

"Kila Jumapili. Baba akitangulia kwenye kona, nambeba. Akisimama, namshusha. Aliniomba nisiseme, kwa sababu baba atakosa kitabu."

Ana miaka kumi na minne. Sisi tulikuwa tunapima, yeye alikuwa anaona. Nilimkumbatia, naye akakubali kukumbatiwa, kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, na tulilia mpaka jirani akagonga kuuliza kama kuna msiba.

Jumapili, 14 Aprili

Jumapili ya kwanza bila matembezi. Mvua haijakoma. Kitinda anasoma maandishi ya kwenye chupa ya maji, silabi kwa silabi. Kusoma kulikomsumbua shuleni kumemfungukia humu wodini.

Wifi alikuja na maua. Akasema, "Si niliwaambia huyu mtoto hayuko sawa?" Nilimtazama mpaka akaenda kutafuta glasi ya kuyawekea.

Jumatatu, 22 Aprili

Leo wamemruhusu kusimama na magongo, kutoka kitandani hadi mlango wa wodi na kurudi, mguu wa kushoto ukiwa juu. Sote tulikuwepo. Alikwenda akihema, ulimi nje, nesi nyuma yake. Mlangoni akapumzika. Akageuka kwa baba yake.

"Baba, hii niipe viatu vingapi?"

Baba yake akamsogelea hatua moja.

Kitinda akaegemea gongo, akainua vidole vitatu.

Nesi akafuta macho. Mimi nilikuwa namtazama mume wangu, na nikauona mkono wake ukienda kwenye mfuko wa shati, ule wa kalamu. Akaniona nikiuona. Mkono ukabaki hapo. Kisha akatoa leso, akapenga kamasi.

Nje nilimwambia, "Hiyo usiiandike. Andika nyingine zote, hiyo usiiandike."

"Unanionaje wewe?" akasema. Aliumia kweli. Nikajuta kumwambia.

Ijumaa, 26 Aprili

Ameiandika.

"Matembezi Mafupi Kuliko Yote." Ukurasa wa mbele, si kule nyuma tulikozoea. Picha ya ziwani, Kitinda mabegani, anacheka. Magongo yamo, ulimi umo, vidole vitatu vimo. Mimi nimo, "mama aliyesimama kama nguzo." Ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, na hakuniomba hata neno moja. Nimeitafuta sentensi inayosema mtoto alilalamika mwezi mzima. Nimeisoma mara ya pili nikiitafuta. "Ugonjwa uliotujia kimyakimya," ameandika.

Kimyakimya!

Sokoni wanawake wawili walinikumbatia. Muuza mayai alikataa hela yangu. "Una bahati ya mume," akasema. "Wa kwangu hajui hata watoto wako darasa la ngapi." Nikasema asante. Ningesema nini, nisimame sokoni nimwage ya nyumbani kwangu mbele ya trei za mayai?

Mhariri amepiga simu. Kitabu kimepita, na safu hii ndiyo itakuwa ya mwisho humo.

Jumapili, 5 Mei

Kitinda yuko nyumbani tangu jana. Mvua imekatika usiku, na leo jua limetoka kana kwamba halikuwa na habari yoyote. Amekaa kwenye kiti cha dirishani, chuma kimefungwa mguuni. Mimi nilikuwa karibu naye, nalegeza mguu wa kushoto wa suruali yake ili chuma kipite. Wifi alikuwa ameleta nakala ya gazeti, ameiwekea plastiki. Kitinda aliiona kabla sijaificha.

Akaisoma yote. Ilimchukua muda mrefu, kidole chini ya kila neno, midomo ikienda. Alipofika mwisho akarudi mwanzo, kidole kikashuka tena, haraka zaidi. Nilijua anachokitafuta. Nami nilikitafuta.

"Mama," akasema, "hajaandika kwamba nilimwambia."

Nikaendelea kushona.

"Nilimwambia kwenye ngazi. Na kwenye daraja. Na ziwani nilimwambia mara nyingi." Hakuwa analia. Alikuwa anauliza kama anavyouliza hesabu isiyotoka. "Labda alisahau?"

"Mwite umuulize."

Akamwita. Baba yake akaja kutoka mezani kwake, kalamu mkononi, miwani juu ya kichwa, anatabasamu kwa ajili ya mtoto anayejua kusoma. Kitinda akamwonyesha gazeti.

"Baba, wapi umeandika kwamba nilikwambia?"

Aliliangalia gazeti kana kwamba kweli sentensi ile inaweza kuwa humo. Tabasamu likaanza kumtoka kidogo kidogo. Akachutama mbele ya kiti, akashika kile chuma, akakiachia.

"Mwanangu," akasema. "Mimi..."

Kisha akageuza uso kwangu. Ni ule ule anaonigeuzia jioni akiwa amekwama, kalamu juu ya karatasi, akingoja nimpe neno.

Neno nililijua, si refu: nisamehe. Kitinda alikuwa anangoja, kidole chake bado juu ya plastiki. Nikakata uzi kwa meno, nikatunga mwingine kwenye sindano, nikaendelea na pindo langu.